Nyumba za siku: miji ya Kongo ianze na daftari, si na kodi mpya

Mpangaji anapata habari kwa njia ya kawaida kabisa. Mwenye nyumba anapita jioni, anakaa, anauliza habari za watoto, kisha anasema kijana wake anarudi kutoka safari na atahitaji nyumba. Anatoa miezi mitatu. Miezi mitatu inapita na kijana haonekani. Wanaoonekana ni mafundi: rangi mpya, sofa, televisheni kubwa, jenereta nyuma ya nyumba. Muda mfupi baadaye picha za sebule ileile zinazunguka kwenye simu za makomisioneri, na bei iliyoandikwa chini yake si ya mwezi tena. Ni ya usiku mmoja, na ni kwa dola.

Hadithi ya namna hii inajulikana Lubumbashi na Kolwezi, ambako migodi inaleta watu wa mikataba mifupi. Goma na Bukavu inajulikana tangu zamani, kwa sababu mashirika ya misaada na Umoja wa Mataifa waliwazoesha wenye nyumba kuhesabu kwa dola. Watu wanaziita «meublé» au «flati». Kwa vile zinalipwa kwa usiku, jina la nyumba za siku linatosha. Si hoteli, maana hazina mapokezi wala kibali cha hoteli. Si nyumba za kupangisha pia, maana hakuna mkataba, hakuna garanti, hakuna mpangaji. Zinapita katikati, na hapo katikati hakuna anayeangalia.

Mwenye nyumba si mtu mbaya. Anajua hesabu tu. Chukua nyumba ya vyumba vitatu inayompa dola 250 kwa mwezi. Akiiwekea vyombo na kuomba dola 50 kwa usiku, wageni wa usiku nane wanatosha kumpa dola 400. Atoe pesa ya mfuaji wa mashuka, ya mlinzi na ya mafuta ya jenereta, bado hajapoteza. Siku ishirini na mbili zinazobaki nyumba iko tupu, taa ya mlinzi peke yake ndiyo inawaka, na nyumba hiyo tupu inamlipa vizuri kuliko familia ya watu saba ambayo kila Septemba ingeomba kungojewa kwa sababu ya minerval.

Hasara iko kwa familia hiyo. Inahamia kartie ya mbali zaidi, inalipa komisioneri upya, inatoa garanti upya, na watoto wanaongeza saa nzima ya mguu kufika shule. Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 kuhusu upangishaji inasema garanti ya nyumba ya kuishi isizidi miezi mitatu. Kila mtu aliyewahi kutafuta nyumba katika mji wa Kongo anajua namna inavyoheshimiwa. Lakini hata ingeheshimiwa vema, iliandikwa ikimfikiria mtu anayehamia na godoro na sufuria zake. Mtu anayekuja Jumatatu na sanduku moja na kuondoka Alhamisi hakuwa kichwani mwa waliotunga.

Swali la nyumba za siku limeisumbua miji mikubwa ya dunia kwa zaidi ya miaka kumi. Mkongo anaweza kujibu kwamba miji hiyo ina polisi, mahakama na kompyuta, wakati ofisi ya komine hapa inakosa hata karatasi. Ni kweli. Lakini kinachofaa kuangaliwa kwanza ni namna miji hiyo ilivyoshindwa ikiwa na polisi, mahakama na kompyuta.

Paris ni mfano mzuri. Kwa miaka mingi kanuni yake ilikuwa rahisi kwenye karatasi: mtu anaweza kupangisha kwa wasafiri nyumba anayoishi mwenyewe, usiku usiozidi 120 kwa mwaka. Kama nyumba si makao yake ya kawaida, anahitaji ruhusa ya kubadilisha matumizi. Na ruhusa hiyo ina gharama ya ajabu kidogo: anayetoa nyumba ya kuishi kutoka sokoni sharti alete nyingine badala yake, kwa mfano kwa kununua ofisi au duka na kuligeuza kuwa makao ya watu. Hakuna kanuni inayoeleza tatizo wazi kuliko hiyo. Nyumba si mali ya mwenyewe peke yake, ni sehemu ya idadi ya nyumba ambazo mji unazo.

Pamoja na hayo yote, matangazo yaliendelea. Mwanzoni mji ulikuwa unamfuata mwenye nyumba mmojammoja, mkaguzi anapanda ngazi, anagonga mlango, mgeni anafungua na kusema yeye ni binamu. Tangu Desemba 2017 kila tangazo lilitakiwa kuwa na namba ya uandikishaji inayotolewa na mji. Wengi hawakuweka namba, na jukwaa la intaneti lilionyesha matangazo yao hivyohivyo, kwa sababu mwenye kosa alikuwa mwenye nyumba. Sheria ya Ufaransa ya 2018 iligeuza jambo hilo: jukwaa nalo likawa na hatia kwa kila tangazo lisilo na namba. Julai 2021 mahakama ya Paris iliiamuru Airbnb kuulipa mji zaidi ya euro milioni 8 kwa matangazo karibu elfu moja ya namna hiyo.

Hapo ndipo kanuni ilipopata meno. Idadi ya usiku haikuwa imebadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni mtu anayeulizwa. Kumuuliza mwenye nyumba elfu moja na kumuuliza mchuuzi mmoja anayewauzia wote ni kazi mbili tofauti.

Mwaka uliotangulia, tarehe 22 Septemba 2020, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilikuwa imetoa hukumu katika kesi iliyotoka hukohuko Paris. Wenye nyumba walidai kwamba kulazimishwa kuomba ruhusa kunavunja uhuru wao wa kufanya biashara. Majaji walijibu kwamba kupigana na upungufu wa nyumba za kupangisha kwa muda mrefu ni sababu ya manufaa ya wote, na kwamba mji unaweza kudai ruhusa kwa sababu hiyo. Hilo linafaa kukumbukwa na kila anayesema mwenye parsele yake afanye atakalo.

Kisha ikaja sheria ya Novemba 2024, ambayo imewapa mameya wa Ufaransa nguvu zaidi. Komine inaweza kushusha mipaka kutoka usiku 120 hadi 90, na Paris ilifanya hivyo tangu Januari 2025. Lakini kipande chenye faida zaidi kwa msomaji wa hapa kiko kwenye kodi. Kabla ya sheria hiyo, Mfaransa aliyepangisha nyumba kwa watalii, ikiwa imepewa nyota rasmi, aliweza kuondoa asilimia 71 ya mapato yake kabla ya kuhesabiwa kodi. Aliyepangisha nyumba tupu kwa familia aliondoa asilimia 30 tu. Yaani dola ileile ya nyumba ililipiwa kodi ndogo ikitoka kwa mpita njia, na kodi kubwa ikitoka kwa mkaaji. Serikali ilikuwa inalia kwamba nyumba zinakimbilia kwa watalii, huku mkono wake mwenyewe ukizisukuma huko. Sheria mpya imepunguza tofauti hiyo, ingawa haijaimaliza.

Kongo ina mteremko wake wa namna hiyo, na hapa kazi ni ya majimbo. Kifungu cha 204 cha Katiba kinaweka ushuru wa mapato ya nyumba za kupangisha kati ya mambo ya jimbo. Ushuru huo unamshika nani? Unamshika aliye na mkataba. Mwenye nyumba aliyempangisha mwalimu kwa miaka minne anajulikana, mpangaji wake anajulikana, makaratasi yapo. Aliyepangisha kampuni anashikwa hata zaidi, maana kampuni inakata ushuru kabla ya kumlipa. Nyumba ya siku isiyoandikwa popote haina mkataba wa kuonyesha, na malipo yanapita mkononi au kwenye simu. Kwa hiyo anayehifadhi familia analipa, na anayeitoa ana nafasi kubwa ya kutolipa.

Jibu la haraka la wakubwa wa miji linajulikana mapema: basi na hao walipe, iwekwe kodi mpya ya «meublé», na maajenti watumwe leo. Hilo ndilo kosa la kuogopwa. Mashariki ya Kongo hakuna mfanyabiashara mdogo asiyejua maana ya kodi mpya. Inakuja na watu wawili wenye daftari la risiti Jumanne, wengine watatu Ijumaa, kila mmoja akitaja ofisi yake, na mwishowe kinacholipwa ni pesa ya kuwaondoa mlangoni. Mwenye nyumba za siku kumi ana rafiki wa kumpigia simu. Mjane aliyeweka kitanda cha mgeni katika chumba cha nyuma ndiye atakayelipa mara tatu. Na mji, baada ya mwaka mzima wa kukusanya, bado hautajua una nyumba za siku ngapi.

Barcelona inaonyesha njia nyingine. Juni 2024 meya wake, Jaume Collboni, alitangaza kwamba mji hautarudisha upya vibali vya nyumba za watalii, na kwamba zote zitakuwa zimekwisha ifikapo Novemba 2028. Alisema pango limepanda asilimia 68 kwa miaka kumi. Wenye vibali walikasirika, na Machi 2025 Mahakama ya Katiba ya Hispania iliiacha sheria ya jimbo la Catalonia, ambayo meya aliegemea, isimame. Mtu anaweza kuona hatua hiyo ni kali mno, na kuna sababu za kuona hivyo. Lakini kabla ya kubishana juu ya ukali, iangaliwe idadi aliyotaja siku ile. Hakusema ni zaidi ya elfu kumi. Alisema 10,101.

Hiyo moja ya mwisho ndiyo serikali. Mji unaojua kwamba zipo 10,101, na si 10,100, unaweza kuzipunguza, kuziacha, kuzitoza au kuzifunga. Mji usiojua unaweza tu kutuma watu wakagonge milango.

New York nayo ilifika hapo baada ya kujikwaa. Tangu 2010 sheria ya jimbo la New York ilikataza kupangisha nyumba nzima kwa chini ya siku 30 katika majengo ya makao matatu na zaidi, na miaka ikapita matangazo yakiongezeka. Mwaka 2018 mji ulitunga sheria ya kuyalazimisha majukwaa kuleta kila mwezi majina na anwani za wenye nyumba wote. Januari 2019 hakimu wa shirikisho aliisimamisha, akiona inaingia mno katika habari za watu bila sababu ya kutosha. Mji ukarudi mezani na kuandika sheria ya namna nyingine, inayojulikana kama Sheria ya Mji namba 18, iliyoanza kutekelezwa tarehe 5 Septemba 2023. Hiyo haiombi habari za kila mtu kwanza. Inasema mwenye nyumba ajiandikishe, awemo ndani wakati mgeni yupo, wageni wasizidi wawili, na jukwaa lisipokee malipo ya nyumba isiyo na namba. Jukwaa likipokea, faini inaweza kufika dola 1,500 kwa kila kosa. Mwenye nyumba anaweza kufikia dola 5,000.

Matangazo ya siku chache yalianguka vibaya sana ndani ya wiki chache. Mengi hayakugeuka kuwa nyumba za wakaaji, yaligeuka kuwa nyumba za siku 30 na zaidi, ambazo sheria haizigusi. Pango la New York halikushuka, na bei za hoteli zilipanda. Airbnb imelisema hilo kwa sauti, na si uongo. Mji wenye upungufu mkubwa wa nyumba hauponi kwa kurudishiwa nyumba elfu kadhaa. Anayewaahidi wakaaji wa Lubumbashi kwamba kanuni juu ya nyumba za siku itashusha pesa ya nyumba ifikapo Krismasi, anawadanganya. Kinachoweza kufanywa ni kuzuia mtu asiyefukuzwa bado asifukuzwe, na kwa mtu huyo si jambo dogo.

Sasa ukutani kuna tatizo ambalo halipo New York. Kule ukiishika Airbnb na Booking umeshika sehemu kubwa ya soko. Huku soko liko WhatsApp, kwenye makundi yenye majina kama ya makanisa, na linaendeshwa na makomisioneri. Picha inatumwa, bei inatajwa, mgeni anakutana na kijana wa pikipiki kwenye mzunguko, ufunguo unatolewa. Kuiga sheria ya majukwaa neno kwa neno kungekuwa kupiga risasi hewani. Lakini wazo lililo ndani yake linahamishika bila shida: ashikwe anayeuza kwa niaba ya wengi. Kongo, mtu huyo ni komisioneri. Anajulikana kwa jina, ana kona yake, mara nyingi ana kiti na kibao kando ya barabara. Amri ya mji ingeweza kusema kwamba komisioneri haonyeshi nyumba ya siku isiyo na namba, na akiionyesha analipa yeye. Wiki mbili tu, makomisioneri wenyewe wangeanza kuwauliza wenye nyumba: namba yako iko wapi?

Wengine wataleta sababu ya usalama, na mashariki neno hilo linafunga mazungumzo yote. Si neno tupu. Januari 2024, baada ya wanawake vijana kuuawa mjini Nairobi ndani ya vyumba vilivyopangwa kwa siku, serikali ya Kenya iliwataka wenye vyumba hivyo wajiandikishe. Nyumba ambayo haina mwenyeji, haina mapokezi na haina jirani anayejua nani kaingia ni mahali pazuri pa kufanya mabaya. Na katika kartie za Kongo desturi ipo tangu zamani kwamba mgeni anayelala anajulishwa kwa mkuu wa avenyu.

Lakini hapa ndipo pa kusimama na kufikiri mara mbili. Daftari la wageni, katika eneo ambalo jina la mtu linasomwa kwanza kutafuta kabila lake, si karatasi ya kawaida. Nani alilala wapi, pamoja na nani, akitokea wapi: habari hizo zikiwa ofisini zitasomwa na kila mwenye bunduki atakayeingia ofisini. Goma na Bukavu, zilizotekwa na M23 Januari na Februari 2025, zimeona namna ofisi inavyoweza kubadilisha wenyewe kwa siku moja, na makabati ya faili kubaki mahali pake. Kwa hiyo daftari la mji liandike nyumba. Lisiandike watu wanaolala ndani. Parsele, avenyu, mwenye nyumba, idadi ya vyumba, tarehe nyumba ilipoacha kuwa ya mpangaji. Polisi wakiwa na shaka juu ya mtu fulani, wana njia za kisheria za kumtafuta mtu huyo. New York, iliyotaka kujua yote kwa mara moja, iliambiwa hapana na hakimu. Kongo isingoje kuambiwa na maiti.

Nani atunge kanuni hiyo? Bunge la jimbo linaweza kupitisha edi, liwali anaweza kutoa amri, na utekelezaji ukabaki kwa komine. Tarehe 20 Desemba 2023, katika sehemu kadhaa za nchi, watu waliwachagua madiwani wa komine. Wengi wa madiwani hao bado wanatafuta kazi ya kufanya, maana mameya na bourgmestre wameendelea kuteuliwa kutoka juu. Kazi hii inawafaa. Diwani anaijua avenyu yake. Anajua nyumba ya kona iliyokuwa ya mwalimu na sasa ina vioo vyeusi.

Malipo ya kujiandikisha yawe madogo, mara moja kwa mwaka, yatangazwe redioni na kulipwa benki au kwa simu, si mkononi mwa mtu aliyekuja nyumbani. New York inaomba dola 145, lakini New York haina maajenti saba wa mlangoni, na bei ya hapa iwe ya hapa. Namba iandikwe kwenye lango, iwe kubwa kiasi cha kusomeka kutoka barabarani. Jirani ndiye mkaguzi bora, na hadai usafiri wa ujumbe.

Mjane mwenye chumba cha nyuma asichanganywe na mwenye nyumba kumi. Tofauti kati yao New York imeipata kwa swali moja: je, mwenye nyumba analala humo? Akilala humo, anaandikwa na kuachwa na amani yake, kwa sababu hajamtoa mtu yeyote, ameongeza kitanda tu. Asipolala humo, swali la pili linafuata: kabla ya sofa na televisheni, nani alikuwa anaishi hapa? Kama alikuwepo mpangaji, na ametolewa kwa sababu ya kijana anayerudi kutoka safari, basi nyumba hiyo isipewe namba kwa mwaka mzima. Mwaka mmoja bila namba unaharibu hesabu ya dola 50 kwa usiku kuliko faini yoyote. Mwenye nyumba anayejua hesabu ataifanya mapema, na pengine atamwacha mwalimu pale alipo.

Kuhusu ushuru, ungojee daftari. Nyumba zikishahesabiwa, jimbo litajua kama linazungumza juu ya nyumba 200 au 4,000, na litaweza kuweka kiwango kinacholingana na kile anacholipa mwenye mpangaji wa miaka minne, au kinachozidi kidogo. Kuanza na ushuru kabla ya kuhesabu ni kumfundisha kila mwenye nyumba ya siku kujificha, na anayejificha mwaka wa kwanza hatajiandikisha mwaka wa pili.

Wapo watakaosema wageni watakimbia, na mji unahitaji mhandisi wa mgodi, mfanyakazi wa misaada, mfanyabiashara wa kutoka Dar es Salaam au Kampala. Hawatakimbia. Mgeni anayelipiwa na kampuni anataka risiti, maji na umeme. Namba kwenye lango inampa uhakika kwamba nyumba ipo kweli na si picha iliyoibwa kwenye simu ya mtu, wizi ambao makundi ya WhatsApp yanaujua vizuri. Anayepata shida na namba ni yule aliyekuwa na sababu ya kutokuwa nayo.

Na mwanzo wake hauhitaji kompyuta wala msaada wa nje. Avenyu moja inatosha kujaribu: diwani, mkuu wa avenyu, daftari la mistari, asubuhi mbili. Parsele namba 1, nani anaishi. Parsele namba 2, nani anaishi. Kufika mwisho wa avenyu, kutakuwa na nyumba kadhaa ambazo jibu lake litakuwa mlinzi tu, na idadi yake ndiyo ya kupelekwa kwa bourgmestre kabla ya kikao cha bajeti.